Anwani Ndefu na Anwani Fupi

Maneno yaliyosemwa katika redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Ninyi mliokusanyika madarasani, sogeeni karibu na redio, na mwenye kalamu aishike. Nitamwomba mwalimu wa darasa aandike ubaoni mara kadhaa, basi chaki isiwe mbali.

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya anwani zinazokuja katika simu zenu za mkononi. Wengi wenu mmekwisha kuziona. Ujumbe unaingia, una maneno machache ya Kiswahili, halafu unafuata mstari wa herufi, nukta na mikwaju, yaani vile vistari vilivyolala upande. Mara nyingi mstari huo una rangi ya buluu. Hiyo ni anwani ya ukurasa fulani uliomo katika intaneti, na mafundi huiita kiungo. Ukiigusa, simu inakupeleka kwenye ukurasa huo.

Viungo vingine ni virefu kama treni ya mizigo. Vingine ni vifupi kabisa: jina dogo, mkwaju mmoja, kisha herufi sita au saba ambazo hazitamkiki. Mtu aliyejua kusoma mwaka huu akikutana na herufi hizo anaweza kufikiri kwamba kusoma kumemshinda. Sivyo, ndugu yangu. Hata profesa wa chuo kikuu hawezi kuzisoma, kwa sababu hazina maana yoyote. Ni namba tu iliyovaa nguo za herufi. Nitawaeleza imevaaje, na kwa nini.

Tuanze na mahali tunapopajua. Ipogolo iko chini ya mji wa Iringa, karibu na mto Ruaha Mdogo. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam inapita hapo kwenda Mbeya na Tunduma, na barabara nyingine inapanda kilima kuingia mjini. Mgeni anashuka njia panda, amebeba mfuko wake, anamuuliza kijana mmoja: "Samahani kaka, nyumbani kwa mzee fulani ni wapi?" Kijana yule hana nyumba ya mzee mfukoni. Analo jibu tu. "Mzee hakai hapa siku hizi. Panda juu mjini, ukifika sokoni ulizia tena." Mgeni anashukuru, anakwenda zake. Yule kijana hakumpokea mgeni wala hakumlisha; amemwelekeza tu.

Anwani fupi ni kijana wa njia panda. Ukurasa wenyewe haupo pale. Pale pana mtu wa kukuelekeza tu, na mtu huyo ni kompyuta iliyo macho usiku na mchana, ambayo mafundi huiita seva.

Wala jambo hili si jipya. Wazee mliopata kufanya kazi maofisini mtakumbuka simu za maandishi zilizopelekwa na posta. Malipo yake yalikuwa kwa kila neno, na anwani ya mpokeaji nayo ilihesabiwa. Mtu akiandika jina refu la ofisi, mtaa na mji, fedha zilikwisha kabla hajasema neno lake. Kwa hiyo ofisi na makampuni yaliandikisha posta neno moja la kuwatambulisha. Tazameni barua za zamani za serikali: juu kabisa, karibu na nambari ya simu, mtaona mstari uliosema "Anwani ya Simu". Ofisi ya mkuu wa mkoa iliandika REGCOM. Ukipeleka simu kwa REGCOM, Iringa, ilifika. Karani wa posta alikuwa na orodha yenye safu mbili. Safu ya kwanza ilikuwa na neno fupi, na safu ya pili ilikuwa na jina kamili na mahali pa kupeleka.

Mwalimu, chora ubaoni daftari lenye safu mbili. Juu ya safu ya kwanza andika FUPI, juu ya safu ya pili andika NDEFU. Usilifute mpaka mwisho wa somo, maana karibu yote nitakayosema yamo humo.

Sasa tuseme kuna kikundi cha wakulima wa nyanya, watu 400, na ofisi yao iko Ipogolo. Kila juma wanataka kujua bei ya tenga la nyanya huko Dar es Salaam, kiasi cha kilomita 500 kutoka hapa, kabla hawajakubali bei ya mnunuzi aliyekuja na lori. Nyanya haingoji. Ikikaa siku tatu juani, mwenye lori ndiye anayepanga bei. Kikundi kimemwajiri fundi wa tovuti, naye ametengeneza kurasa za bei, kila soko na ukurasa wake. Anwani ya ukurasa mmoja ni hii, na jina nimelibuni kwa ajili ya somo tu:

https://mfano.or.tz/bei/mazao/nyanya?soko=ilala&kipimo=tenga&chanzo=ujumbe&lugha=sw

Hesabuni herufi na alama zote. Ni 83. Mwalimu, wape darasa muda wahesabu wenyewe, mmoja asome na mwingine apige mistari.

Ujumbe mfupi wa simu una mpaka wake. Nafasi ya ujumbe mmoja inatosha herufi 160, pamoja na nafasi tupu baina ya maneno. Ukizidi 160 simu haikatai, bali inaukata ujumbe vipande, na kila kipande kinabeba herufi 153 tu, kwa kuwa nafasi kidogo hutumika kuandika kwamba hiki ni kipande cha kwanza na hiki ni cha pili. Nawe unatozwa kwa kila kipande. Tena nawaonya: ukitia kile kipicha cha uso unaocheka, mpaka unashuka kutoka 160 hadi 70. Kicheko kimoja kinaweza kuufanya ujumbe mmoja uwe miwili au mitatu. Mimi sikulijua jambo hili kwa miaka mingi, na nilicheka sana kwa fedha zangu.

Rudini kwa wakulima wetu. Maneno ya ujumbe wao ni herufi 120. Ongezeni anwani ndefu ya herufi 83. Jumla ni 203. Vipande viwili. Tuseme kila kipande ni shilingi 20. Watu 400, vipande viwili, shilingi 20: ni shilingi 16,000 kila juma. Sasa fundi anaifupisha anwani ikawa hivi:

https://mfano.or.tz/k7Rt9w

Hizi ni herufi 26. Ukijumlisha na 120 unapata 146. Ujumbe unaenea katika kipande kimoja, na gharama inakuwa shilingi 8,000. Kwa majuma 52 kikundi kimebakiza shilingi 416,000. Piganeni hesabu hiyo ninyi wenyewe msiniamini mimi.

Je, fundi anaifupishaje? Kama ana kurasa mbili au tatu, anaweza kwenda kwenye tovuti ya huduma ya kufupisha, akaibandika anwani ndefu kwa mkono, akapewa fupi. Huduma za namna hii zipo tangu zamani kidogo. TinyURL ilianzishwa mwaka 2002 na Kevin Gilbertson wa Marekani. Bitly ikaanza mwaka 2008. Lakini fundi wetu ana masoko sita, mazao matano, na bei mpya kila siku. Sita mara tano ni thelathini. Hawezi kukaa kila alfajiri akibandika anwani thelathini. Anataka programu yake iende yenyewe ikaombe.

Hapa ndipo linapoingia neno ambalo mafundi wanalitumia kila siku, API. Hutamkwa ei-pi-ai. Msiliogope. Maana yake ni dirisha la kuhudumia programu. Mmekwisha kwenda posta. Watu wanaingia kwa mlango, wanauliza, wanasalimiana. Lakini pale ukutani pana dirisha lenye karani, na karani hataki maneno mengi. Anataka fomu iliyojazwa sawasawa. Ukiijaza vizuri anakupa unachotaka, na ukikosea anairudisha. Tovuti ya kawaida ni mlango wa watu. API ni dirisha, na wanaosimama mbele yake ni programu wala si watu.

Fomu hiyo ina mambo machache. La kwanza ni anwani ndefu. La pili ni ufunguo, yaani mstari mrefu wa herufi ambao huduma imempa fundi ili imtambue kuwa ni yeye. Pengine fundi anaweza pia kuomba neno analolitaka, mfano "nyanya", badala ya herufi za ovyo. Programu inapeleka fomu, na huduma inajibu kwa maandishi yaliyopangwa kwa mtindo uitwao JSON: jina la kitu, nukta mbili, kisha kitu chenyewe. Katika jibu imo anwani fupi.

Kila jibu linakuja na nambari mbele yake. Nambari inayoanza na 2, kama 200 au 201, maana yake mambo ni mema. Nambari 400 maana yake fomu imejazwa vibaya. Nambari 401 maana yake ufunguo haukubaliki. Na 429 maana yake umekuja dirishani mara nyingi mno, kaa pembeni kwanza. Fundi mvivu haangalii nambari hizi. Programu yake inachukua chochote ilichopewa, na asubuhi wakulima 400 wanapelekewa ujumbe usiokuwa na anwani ndani yake. Fundi mzuri anafanya mambo mawili. Jibu likija na kosa, anapeleka ile anwani ndefu, maana ni afadhali kulipa vipande viwili kuliko mkulima kukosa bei. Na anwani fupi akishaipata, anaiandika katika daftari lake mwenyewe, asiende kuiomba tena kesho kwa ukurasa ule ule.

Na ufunguo? Ufunguo haukai katika ukurasa ambao kila mtu anaufungua. Ukurasa wa tovuti unaweza kusomwa hata upande wake wa ndani na mtu yeyote mwenye kompyuta. Kuuacha ufunguo humo ni sawa na kuufunga mlango wa ghala halafu kuutundika ufunguo kwenye kitasa. Atakayeuokota ataweza kutengeneza viungo vya uongo, navyo vitaandikwa kwa jina lako.

Sasa zile herufi zisizotamkika. Huduma inapopokea anwani ndefu inaipa nambari ya mstari katika daftari: mstari wa 1, wa 2, wa 3, mpaka mamilioni. Nambari ya mamilioni ni ndefu, kwa hiyo inaandikwa kwa alama nyingi zaidi ili ifupike. Mwalimu, andika ubaoni: tarakimu 10, kuanzia 0 hadi 9. Herufi ndogo 26. Herufi kubwa 26. Jumla 62.

Sisi tukihesabu kwa tarakimu kumi, tukifika 9 hatuna alama nyingine, basi tunarudi sifuri na kuandika 1 kushoto. Hapa tunaendelea. Baada ya 9 inakuja a, kisha b, na kuendelea mpaka z, halafu A kubwa mpaka Z kubwa, ndipo tunapoandika 1 kushoto. Kwa nafasi moja unapata anwani 62. Kwa nafasi mbili ni 62 mara 62, yaani 3,844. Kwa nafasi tatu 238,328. Kwa nafasi nne zinapita milioni 14. Na kwa nafasi sita zinapita bilioni 56. Ndiyo maana herufi sita zinatosha dunia nzima kwa muda mrefu. Wale wanaopenda hesabu katika darasa wafanye nafasi tano nyumbani. Jibu nitalitaja mwishoni.

Lakini nambari zinazofuatana zina hatari. Ukipewa mstari wa 500, unajua kwamba upo wa 501, na unaweza kwenda kuchungulia. Mwaka 2016 watafiti wawili, Martin Georgiev na Vitaly Shmatikov, walionyesha kwamba hata anwani fupi zisizofuatana zinaweza kubahatishwa na kompyuta zikiwa fupi mno. Kwa kubahatisha waliziona faili za watu na safari ambazo watu waliziuliza katika ramani. Basi kumbukeni: anwani fupi si kabati lenye kufuli. Ukurasa wenye jina la mgonjwa au hesabu ya fedha za mtu ufungwe kwa neno la siri lake wenyewe, usitegemee kwamba hakuna atakayebahatisha.

Turudi njia panda ya Ipogolo. Mkulima amegusa anwani fupi. Simu yake inakwenda kwa seva na kuuliza: nipe ukurasa k7Rt9w. Seva inafungua daftari, inatafuta safu ya FUPI, inasoma safu ya NDEFU, na inajibu kwa nambari. Nambari zinazotumika sana ni mbili, na tofauti yake ni jambo ambalo mafundi wengi hulikosea.

Nambari 301 maana yake: mzee amehama moja kwa moja, nyumba yake sasa ni kule. Simu ya mkulima inalikumbuka jibu hilo. Safari ya pili inaweza kwenda kule moja kwa moja bila ya kumuuliza kijana wa njia panda. Nambari 302 maana yake: kwa sasa mzee yuko kule, lakini ukija tena uniulize. Safari ya pili simu inauliza upya. Kama fundi anataka kuhesabu ni wakulima wangapi waliogusa, au kama kesho ataubadilisha ukurasa wa safu ya pili, atumie 302. Akitumia 301, simu za watu zitakwenda penye ukurasa wa zamani, naye atakaa anashangaa kwa nini wakulima wanasoma bei ya juma lililopita. Bei ya juma lililopita, ndugu zangu, ni mbaya kuliko kukosa bei.

Hapa nitawaambia kosa langu mwenyewe. Niliwahi kuchapisha karatasi 300 za tangazo la masomo, nikatia anwani fupi chini. Nilipewa herufi na huduma, sikuzitazama. Ndani yake palikuwa na l ndogo na I kubwa, zimekaa jirani. Katika karatasi ile zilifanana kama mapacha, tena zote mbili zilifanana na tarakimu 1. Watu waliijaribu kwa namna nyingi. Wengine walifikiri ni kumi na moja. Karibu wote walifika mahali palipoandikwa kwamba ukurasa haupo. Nao hawakunilaumu mimi. Walijilaumu wenyewe, wakasema bado hatujajua kusoma vizuri. Jambo hilo liliniuma kuliko fedha za karatasi.

Tangu hapo, nikiagiza anwani itakayosomwa katika karatasi, nawaambia mafundi waziondoe alama tano: sifuri na O kubwa, tarakimu 1, l ndogo na I kubwa. Zinabaki 57. Kwa nafasi sita bado unapata anwani zaidi ya bilioni 34, na hakuna kikundi cha nyanya kitakachozimaliza. Lakini lililo bora zaidi kwa karatasi au kwa ukuta ni neno: mfano.or.tz/nyanya. Linasomeka, linakumbukwa, na mtu anaweza kumwambia mwenzake kwa mdomo akiwa juu ya lori. Tena kumbukeni kwamba baada ya mkwaju herufi kubwa na ndogo mara nyingi si kitu kimoja. Kabla ya mkwaju, katika jina la tovuti, haidhuru.

Kuna jambo jingine ambalo lazima kikundi kilizungumze kabla fundi hajaanza kazi, nalo ni hili: daftari ni la nani? Mkitumia huduma ya mtu, daftari ni lake. Akilifunga, viungo vyenu vyote vimekufa, hata vile vilivyochapwa katika kalenda zilizotundikwa ukutani. Google walikuwa na huduma yao ya kufupisha, goo.gl, iliyoanza Desemba 2009. Mwaka 2019 waliacha kutoa anwani mpya. Mwaka 2024 wakatangaza kwamba ifikapo tarehe 25 Agosti 2025 anwani zote zile zitaacha kufanya kazi. Watu walilalamika, na mapema Agosti 2025 wakalegeza: zile zilizokuwa zikitumika ziendelee, zilizolala zife. Kama kampuni kubwa namna hiyo inaweza kuchoka na daftari, ndogo je?

Na hata jina lenyewe lina mwenyewe. Herufi za mwisho za bit.ly, yaani ly, ni za nchi ya Libya, kama tz ilivyo ya Tanzania. Mwaka 2010 wasimamizi wa majina wa Libya waliliondoa jina la huduma ndogo iliyoitwa vb.ly, wakisema haikufuata sheria zao. Wenye huduma hiyo walikuwa mbali kabisa na Libya.

Kwa hiyo shauri langu ni kwamba kikundi kiwe na jina lake, kilipie kila mwaka bila kusahau, na fundi atengeneze daftari lao wenyewe chini ya jina hilo. Kazi si kubwa: jedwali la safu mbili, kipande kidogo cha programu cha kuandika, na kipande kingine cha kusoma na kuelekeza. Wakipenda kutumia API ya huduma nyingine kwa mwanzo, sawa, lakini watake huduma inayokubali jina lao liwe mbele. Siku wakihama, wanahama na jina lao, na kalenda za ukutani zinaendelea kusomeka.

Sasa jambo la mwisho, nalo ndilo linalowahusu ninyi nyote, hata asiyekuwa na haja ya tovuti. Kijana wa njia panda anaweza kuwa mwongo. Nyote mmepata ujumbe wa watu wanaosema ile hela itume kwenye namba hii. Watu hao wamejifunza anwani fupi pia. Anwani fupi inaficha inakokwenda, na kwao hiyo ndiyo faida yake. Ujumbe unasema umeshinda zawadi, au laini yako itafungwa leo, gusa hapa. Ukigusa unaona ukurasa uliofanana na wa benki, unaombwa namba yako ya siri, na usiku huo huo fedha za mbegu zimekwenda.

Mjifunze kuisoma anwani. Pita maneno https:// yaliyo mwanzoni, kisha tafuta mkwaju wa kwanza unaofuata. Weka kidole hapo, halafu rudi kushoto. Maneno yaliyo karibu kabisa na kidole chako, upande wa kushoto, ndiyo ya mwenye nyumba. Katika iringa.go.tz/ kidole kiko baada ya tz, na go.tz ni alama ya serikali ya Tanzania. Kadhalika ac.tz ni ya vyuo, co.tz ya biashara, na or.tz ya mashirika. Lakini tapeli anaweza kuanza na jina la ofisi na go.tz, halafu akaongeza nukta na maneno mengine yake kabla ya mkwaju. Mwenye haraka anasoma mwanzo tu, akatulia. Ninyi msome penye kidole.

Kwa anwani fupi kidole hakitoshi, kwa sababu kinakuonyesha mwenye njia panda tu, hakikuonyeshi mwisho wa safari. Anwani ya Bitly ukiiongezea alama ya kujumlisha mwishoni, huduma inakuonyesha kwanza inakokwenda badala ya kukupeleka. Na kikundi chenye adabu kinaweza kumwagiza fundi atengeneze vivyo hivyo: ukurasa mdogo unaosema "Unakwenda kuona bei za nyanya, soko la Ilala", na chini yake neno Endelea. Inamchelewesha mkulima kidogo tu. Ukurasa wowote uliofika kwa kiungo cha ujumbe ukikuomba namba ya siri ya fedha, ufunge hapo hapo. Namba iliyokuletea utapeli unaweza kuiripoti kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, ambayo ni bure.

Bado sijawapa jibu la hesabu. Nafasi tano kwa alama 62 ni 916,132,832. Aliyepata hiyo apigiwe makofi.

Kazi ya darasa ni hizi. Kila mtu afungue simu yake, atafute ujumbe wenye anwani, aiandike katika daftari lake bila ya kuigusa, na aweke alama ya kidole penye mkwaju. Halafu mjadiliane: mwenye nyumba ni nani, na je, ni yule aliyejitaja katika maneno ya ujumbe? Wale wa Ipogolo, chagueni pia neno moja ambalo mngependa liwe anwani fupi ya kikundi chenu, lisizidi herufi nane, lisomeke na mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara. Mwalimu ayaandike maneno yote ubaoni, na darasa lipige kura.

Juma lijalo, saa hii hii, tutajifunza kusoma risiti ya umeme. Njooni nayo, ya zamani au ya sasa. Kwaherini.